Kiti cha bunge la jimbo kimebaki wazi: namna ya kumsaidia mgombea anayetetea haki ya silaha Marekani

Mjumbe wa bunge la jimbo nchini Marekani akifariki, akijiuzulu au akichaguliwa kwenda Washington, kiti chake hubaki wazi, na kila jimbo lina njia yake ya kukijaza. Wafuasi wa haki ya kumiliki silaha hukosea hapohapo. Wanaagiza mabango na kuchangisha fedha kabla ya kujua kama kutakuwa na uchaguzi wowote. Karibu nusu ya majimbo 50 huitisha uchaguzi mdogo. Yaliyobaki huteua mtu, na penye uteuzi bango halina kazi.

Siku kiti kinapotangazwa kuwa wazi, piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti au fungua tovuti ya mamlaka ya uchaguzi ya jimbo. Tafuta tarehe nne: amri ya uchaguzi imetolewa lini au inatarajiwa lini, mwisho wa wagombea kuwasilisha fomu, mwisho wa wapiga kura kujiandikisha, na siku kura za mapema zinapoanza. Ziandike kwenye karatasi moja na uibandike ukutani. Uchaguzi mdogo huendeshwa kwa wiki chache, si miezi, na tarehe ya pili ikikupita hakuna bidii itakayoirudisha.

Kiti kinajazwa na nani

Indiana haina uchaguzi mdogo wa bunge la jimbo. Wajumbe wa chama wa vituo vya kupigia kura ndani ya eneo husika hukutana na kumchagua mrithi. Kansas nako wajumbe wa namna hiyo ndio wenye kauli. Ohio, wabunge wa chama kilichokuwa na kiti ndio wanaomchagua mwenzao mpya. Arizona, wajumbe wa chama hupendekeza majina matatu, kisha bodi ya kaunti huteua mmoja kati yao, na lazima awe wa chama cha aliyeondoka. Colorado ina kamati ya chama ya kujaza nafasi.

Katika majimbo hayo mpiga kura wako ni mtu mmojammoja mwenye jina na namba ya simu, na huenda wote wakatosha ukumbi mmoja. Omba orodha yao kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti. Wapigie wote, kisha waombe wenye silaha wanaoishi kwenye vituo vyao wawaandikie barua fupi kwa mkono. Na kama kituo chako hakina mjumbe, gombea nafasi hiyo mapema. Katika kaunti nyingi nafasi hizo hukaa wazi miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna anayezitaka, na ndizo zinazoamua nani awe mbunge pale kiti kinapoachwa ghafla.

Yaliyotokea Colorado mwaka 2013 yanafaa kukumbukwa. Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia magazini zinazobeba zaidi ya risasi 15. Septemba 10, wapiga kura walimwondoa rais wa Seneti, John Morse, kwa tofauti ya kura 319, na siku hiyohiyo seneta Angela Giron wa Pueblo naye akaondolewa. Wingi wa Democratic ukabaki 18 kwa 17. Saini za kumwondoa seneta wa tatu, Evie Hudak, zilikuwa zinakusanywa alipojiuzulu mwezi Novemba. Hakukuwa na kura tena: kamati ya chama chake ikamteua Rachel Zenzinger, na wingi ukabaki palepale. Wapinzani wa sheria ile walikuwa wamejipanga kupiga kura, lakini uamuzi ukahamia kwenye chumba ambamo hawakuwa na kiti.

Majimbo yanayoitisha uchaguzi nayo hayafanani. Texas na Georgia huwaweka wagombea wa vyama vyote kwenye karatasi moja ya kura. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa juu wanaingia duru ya pili, ambayo Georgia hufanyika wiki nne baadaye. California inafanana na hayo: kura ya kwanza ni ya wote, na anayepata zaidi ya nusu hamalizii duru nyingine. Pennsylvania haina kura ya mchujo kwa uchaguzi mdogo, kwani kila chama huteua mgombea wake. Virginia vyama hujichagulia njia, na mara nyingi huwa mchujo wa siku moja, saa chache, kwenye vituo vichache, unaotangazwa ukiwa umebakiza siku za kuhesabu kwenye vidole. Usipokuwa kwenye orodha ya barua pepe ya chama cha kaunti utausikia ukiwa umekwisha.

Penye karatasi moja kwa wote, adui wa kwanza wa mgombea wako ni mgombea mwingine anayetetea silaha. Wawili wakigawana kura za watu walewale, duru ya pili inaweza kuingia bila hata mmoja wao. Mazungumzo ya nani ampishe nani yafanyike kabla ya fomu kufungwa. Baadaye jina limeshachapwa, na hata mtu akijitoa bado atachota kura.

Mpime kwanza

"Ninaunga mkono Marekebisho ya Pili ya Katiba" ni sentensi ambayo karibu kila mgombea atakuambia, hata yule atakayepiga kura kinyume chako mwezi wa kwanza. Mahakama Kuu ilishatamka mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba haki ya kuwa na silaha ni ya mtu binafsi. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikasema haki hiyo inafika nje ya nyumba. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, ikakubali kwamba aliye chini ya amri ya mahakama kwa kutishia mwenza wake anaweza kunyimwa silaha. Mabishano ya bunge la jimbo yako katikati ya hukumu hizo, kwa hiyo uliza kuhusu miswada.

Muulize kama atapigia kura ubebaji wa silaha bila kibali, utaratibu ambao hadi mwaka 2024 ulikuwa umekubaliwa na majimbo 29. Muulize msimamo wake juu ya amri za mahakama za kumwondolea mtu silaha kwa muda, zile zinazoitwa sheria za bendera nyekundu. Je, ataunga mkono kibali cha kununulia bunduki? Ukomo wa magazini? Ushuru maalumu wa silaha na risasi, kama ule wa asilimia 11 ulioanza California Julai 2024, au wa asilimia 6.5 uliopitishwa na wapiga kura wa Colorado Novemba mwaka huohuo? Na swali ambalo watu husahau: atalinda sheria inayozuia miji na kaunti kujitungia masharti yao ya silaha? Bila sheria hiyo, mtu anayeendesha gari kilomita 30 kwenda kazini anaweza kupita chini ya kanuni tatu tofauti.

Majibu yawe ya maandishi, yenye saini. Kama aliwahi kuwa diwani au kamishna wa kaunti, soma kumbukumbu za vikao, maana kura aliyopiga juu ya bustani za umma na silaha inasema zaidi ya hotuba yake. Madaraja ambayo NRA, chama kikubwa cha kutetea haki ya silaha, huwapa wagombea yanasaidia, ila yasome vizuri. Alama ya A inayofuatiwa na herufi Q (AQ) humaanisha mgombea amejibu dodoso tu na hana rekodi ya kura. Katika uchaguzi wa kiti kilicho wazi, wengi huwa na alama ya namna hiyo.

Kuingia kwenye karatasi

Huu ni msaada ambao mtu wa kawaida anaweza kuutoa kwa siku mbili na ukabadilisha kila kitu. Virginia, mgombea wa Baraza la Wajumbe anatakiwa kuwa na saini 125 za wapiga kura wa eneo lake, na wa Seneti 250. Texas, mgombea wa Baraza la Wawakilishi hulipa dola 750 au huleta saini 500. Georgia hutoza dola 400.

Kusanya mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa. Saini hukataliwa kwa sababu ndogondogo: aliyesaini anaishi ng'ambo ya barabara ambayo ndiyo mpaka wa eneo, ameandika sanduku la posta badala ya anwani ya makazi, hajajiandikisha, au mwandiko hausomeki. Simama na orodha ya wapiga kura mkononi na uhakikishe jina kabla ya kumpa mtu kalamu. Fomu ambazo mkusanyaji lazima aape mbele ya mthibitishaji wa viapo zipelekwe kwake siku hiyohiyo. Kiapo kikikosekana ukurasa mzima hutupwa, na saini zote zilizomo.

Hesabu ya ushindi

Ukubwa wa eneo hutofautiana vibaya sana. New Hampshire ina wawakilishi 400, kila mmoja kwa watu wasiofika 3,500. Mjumbe wa Georgia ana watu karibu 60,000, wa Texas karibu 194,000, na wa California karibu nusu milioni. Mbinu zinazofaa New Hampshire, ambako mgombea anaweza kubisha kila mlango mwenyewe, zitakufilisi California.

Chukua mfano wa kupangia kazi. Eneo lina waliojiandikisha 45,000. Usiangalie waliojitokeza Novemba ya uchaguzi wa rais. Tafuta uchaguzi mdogo uliopita kwenye eneo hilo au la jirani. Tuseme walijitokeza asilimia 14. Hiyo ni kura 6,300, na nusu yake na moja juu ni 3,151. Weka lengo la 3,500, kwa sababu baadhi ya waliokuahidi hawatakwenda. Kuanzia hapo swali ni moja tu: majina ya watu 3,500 hawa yako wapi?

Yako kwenye daftari la wapiga kura, ambalo kampeni hulinunua kwa jimbo au hulipata kupitia chama. Daftari linaonyesha mtu alipiga kura katika chaguzi zipi, halionyeshi alimpigia nani. Pennsylvania linaonyesha pia chama alichojiandikisha. Texas, Georgia na Virginia hawaandikishi vyama, ila Texas na Georgia unaweza kuona aliomba karatasi ya chama gani kwenye mchujo.

Wenye silaha wengi hawako kwenye kundi la wanaopiga kura kila mara. Wanajitokeza kwenye uchaguzi wa rais, wanakasirika kati ya chaguzi, na kwenye uchaguzi mdogo wa Jumanne ya Februari wanabaki kazini au msituni. Kampeni ya haki ya silaha hushinda au hushindwa kwa watu hawa. Wale wanaopiga kura kila mara na wako upande wako watumie kadi moja ya kuwakumbusha, inatosha. Saa zako zipeleke kwa mfuasi mvivu, kisha kwa asiye na upande anayepiga kura daima.

Usitegemee kupata orodha ya wenye vibali vya kubeba silaha, kwani majimbo mengi yameifanya kuwa siri. Nenda walipo: viwanja vya kulengea shabaha, mafunzo ya uwindaji, maonyesho ya silaha. Omba ruhusa ya mwenye eneo, weka meza, na uchukue vitu vitatu kwa kila mtu, yaani jina, anwani ya nyumbani na simu. Anwani ndiyo roho ya zoezi hilo. Kwenye maonyesho makubwa wengi wa wanaosaini kwa furaha huishi nje ya eneo la uchaguzi, na kampeni zisizochuja hugundua wiki ya mwisho kwamba orodha yao ya wafuasi 800 ina wapiga kura 150. Weka ramani ya eneo juu ya meza, kubwa, yenye majina ya barabara za mpakani.

Mlango kwa mlango

Watu 20 wakitembea saa tatu, kila mmoja akibisha milango 15 kwa saa, ni milango 900. Mlango mmoja katika minne ukifunguliwa, umepata mazungumzo 225. Hayo ni makadirio ya mitaa ya nyumba zilizosogeleana. Vijijini, ambako nyumba iko mwisho wa njia ya changarawe yenye kibao cha kukataza kuingia, milango sita kwa saa ni mingi. Heshimu kibao hicho. Mwenye nyumba hiyo huenda ndiye mfuasi wako mkubwa, na hatapenda kukutana nawe hivyo. Mpigie simu.

Nenda Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi, au siku za kazi kuanzia saa 10 na nusu jioni hadi giza linapoanza. Bisha, rudi nyuma hatua mbili, simama kando kidogo ya mlango mikono ikionekana. Fulana yenye picha ya bunduki iache nyumbani, na vivyo hivyo bastola ya kuning'inia kiunoni, hata kama sheria inaruhusu. Anayefungua mlango ni mama anayepika, hajajiandaa kujadili Katiba. Kampeni nyingi huwakataza kabisa wanaojitolea kubeba silaha wakiwa kazini, kwa hiyo uliza kanuni yao kabla ya kutoka.

Maneno yawe machache: "Habari za jioni. Ninajitolea kwa kampeni ya fulani. Kuna uchaguzi mdogo tarehe kadhaa wa kujaza kiti cha bunge la jimbo, ulikuwa umesikia?" Wengi watasema hapana, na hiyo tayari ni kazi uliyofanya. Kisha uliza jambo gani la jimbo linamsumbua, unyamaze. Akitaja silaha, uwindaji au usalama wa nyumba, mpe msimamo wa mgombea kwa sentensi moja. Akitaja kodi ya nyumba au barabara, mjibu hilohilo. Kumlazimisha mtu wa kodi azungumze bunduki ni njia ya haraka ya kumpoteza, na ndilo kosa linalowapata zaidi wanaojitolea wenye moyo. Malizia kwa kuuliza atapiga kura siku gani na kwa njia gani, mapema, kwa posta au siku yenyewe.

Andika alama palepale: 1 ni mfuasi kamili, 3 hajaamua, 5 yuko upande wa pili. Kuwa mchoyo wa alama ya 1. Mtu aliyetabasamu na kuchukua kipeperushi ni 3. Orodha iliyojaa alama 1 za adabu huifanya kampeni iamini imeshinda, halafu siku ya kura inahangaika kuwatafuta watu ambao hawakuwahi kuwa wake.

Kama hakuna mtu nyumbani, chomeka kipeperushi kwenye kitasa au chini ya zulia la mlangoni. Usikitie kwenye sanduku la barua. Sheria ya shirikisho inakataza kuweka humo kitu kisicholipiwa stempu, na malalamiko machache kwa mkuu wa posta yanaweza kuiletea kampeni bili isiyotarajiwa.

Simu, barua na mabango

Simu za kisiasa haziguswi na orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa na wauzaji, lakini kutumia mashine ya kupiga namba za mkononi yenyewe bila ridhaa ya mwenye namba kunakatazwa na sheria ya shirikisho. Piga kwa kidole. Ujumbe mfupi unaotumwa kwa wingi unahitaji kampeni isajiliwe kwanza kwa makampuni ya simu, na usajili huo huchukua siku. Uanze wiki ya kwanza, la sivyo ujumbe wako utazuiwa kimyakimya na hutajua.

Barua zipelekwe posta na lebo nyekundu namba 57, inayotambulisha shehena ya kisiasa ili isisahaulike kwenye kona ya ghala. Panga kadi zifike nyumbani siku mbili tatu kabla ya kura za mapema kuanza. Kampeni zenye mazoea ya zamani hulenga wiki ya mwisho, na kadi nzuri humkuta mtu aliyekwisha kupiga kura.

Mabango ya uani, yale ya plastiki ya inchi 18 kwa 24 yenye vigingi vya waya, yanawafurahisha wafuasi kuliko yanavyobadilisha kura. Weka machache, kwenye ua wa mtu aliyekubali, hasa nyumba za kona. Yaliyochomekwa kando ya barabara kuu kwenye ardhi ya serikali huondolewa, na baadhi ya majimbo hutoza faini.

Fedha

Hapa ndipo nia njema hugeuka kesi, na msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani ana sababu ya ziada ya kusoma polepole. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni kuchangia au kutumia fedha katika uchaguzi wowote, wa shirikisho, wa jimbo au wa mji. Mwenye kadi ya kijani hahesabiwi kuwa mgeni kwa sheria hiyo, kwa hiyo anaweza kuchangia. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi hata dola moja, wala kununua tiketi ya chakula cha kuchangisha. Anaweza kujitolea bila malipo, kubisha milango au kupiga simu, mradi asikae kwenye meza ya kuamua matumizi na mikakati. Fedha za mtu mmoja zisipitishwe kwa jina la mwingine, hata kama ni mke na mume. Na asiye raia asijiandikishe kupiga kura kwa hali yoyote, hata karani akimpa fomu kwa makosa wakati wa kuchukua leseni ya udereva. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Viwango vinatofautiana. Virginia haina ukomo wa mchango wa mtu binafsi. Florida ukomo ni dola 1,000 kwa kila uchaguzi kwa mgombea wa bunge la jimbo, fedha taslimu zisizidi dola 50, na mchango unaofika zikiwa zimebaki pungufu ya siku tano kabla ya uchaguzi lazima urudishwe. Watu wengi huamka kuchangia siku hizo hizo. Popote ulipo, changia wiki ya kwanza: dola 50 za mwanzo hununua daftari la wapiga kura, dola 50 za mwisho hukaa benki.

Texas na Pennsylvania kampuni hazichangii wagombea. Duka la silaha lililosajiliwa kama kampuni likitoa ukumbi bure, risasi za kufanyia mashindano au bunduki ya bahati nasibu, huo ni mchango wa vitu, na umekatazwa kama hundi. Mwenye duka achangie kutoka mfukoni mwake. Klabu ya kulenga shabaha iliyosajiliwa kama shirika la hisani chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi nayo haiwezi kumpigia debe mgombea. Wanachama wake wanaweza, kwa majina yao.

Bahati nasibu ya bunduki huvutia watu wengi na ina mitego mingi. Kwanza, majimbo kadhaa huruhusu bahati nasibu kwa mashirika ya hisani pekee, na kampeni si hisani. Pili, kama sheria inaruhusu, bunduki ikae kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, na mshindi aende kwake kujaza fomu 4473 na kufanyiwa ukaguzi wa rekodi. Tangaza mapema zawadi mbadala kwa atakayeshindwa ukaguzi. Bila tangazo hilo utabishana na mshindi mbele ya kamera za wapinzani.

Kikundi chako kikitaka kuchapisha matangazo chenyewe, bila kupitia kampeni, mengi ya majimbo huruhusu, kwa masharti ya kuripoti na kuandika nani amelipia. Lakini mkishaketi na meneja wa kampeni mkapanga tangazo litoke lini na liseme nini, matumizi yale hugeuka mchango, na ukomo wote unarudi. Chagua mapema: ama mko ndani, ama mko nje.

Kura za mapema na siku yenyewe

Kura za mapema zikianza, kazi hubadilika. Kampeni hupata kutoka ofisi ya uchaguzi majina ya waliokwisha kupiga kura au kuomba karatasi za posta, kisha huyafuta kwenye orodha kila jioni. Waliobaki wenye alama 1 ndio wa kupigiwa kesho. Mtu mmoja mwangalifu anayesafisha orodha hiyo ana thamani kuliko wabeba mabango kumi.

Kwa kura ya posta, soma maelekezo pamoja na mpiga kura. Pennsylvania karatasi isiyowekwa ndani ya bahasha ya siri hukataliwa, na lazima ifike ofisi ya kaunti kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauokoi kitu. Texas hudai kitambulisho chenye picha kituoni, na leseni ya bastola inayotolewa na jimbo ni miongoni mwa vinavyokubaliwa. Waambie wafuasi wako, maana wapo wanaoacha kwenda kwa kuwa leseni ya udereva imepotea, na hiyo nyingine iko ndani ya pochi.

Umbali wa kupigia debe mbele ya kituo ni futi 10 Pennsylvania, 40 Virginia, 100 Texas na 150 Georgia. Pima kwa futi kamba asubuhi na uweke alama ya chaki. Kofia na fulana ya mgombea ivuliwe kabla ya kuingia kupiga kura pale jimbo linapokataza. Silaha nazo haziruhusiwi vituoni Texas, Georgia na Florida, hata kwa mwenye kibali. Mfuasi anayesahau bastola kiunoni na kukamatwa mlangoni huwapa wapinzani habari ya siku nzima, kwa hiyo iweke kanuni hiyo kwenye ujumbe wa mwisho wa kuwakumbusha.

Kura zikikaribiana

Mwaka 2017 kiti cha eneo la 94 la Virginia kilifungana kwa kura 11,608 kila upande. Januari 4, 2018 mshindi alipatikana kwa kura ya bahati: jina la David Yancey wa Republican lilitolewa kwenye bakuli, na chama chake kikabaki na wingi wa 51 kwa 49. Wingi huo ulipopotea kwenye uchaguzi wa 2019, bunge lilipitisha mwaka 2020 ukaguzi wa rekodi kwa kila mauzo ya silaha, sheria ya bendera nyekundu na ukomo wa bastola moja kwa mwezi.

Kwa hiyo usiwaachie watu wako waende nyumbani usiku wa matokeo. Kura za muda, yaani zinazowekwa kando hadi sifa za mpiga kura zihakikishwe, na za posta zenye kasoro ya saini zina siku chache za kurekebishwa penye sheria ya kuruhusu hivyo, na ofisi ya uchaguzi haina watu wa kumfuata kila mpiga kura. Kampeni ndiyo inayompigia, kumpeleka ofisini na kumsubiri atie saini. Acha watu watano wenye magari kwa kazi hiyo, na uwe na wakili aliyekubali kupokea simu.

Mshindi anamalizia tu muda uliobaki wa mtangulizi wake. Mara nyingi fomu za uchaguzi wa kawaida huwa zimefunguliwa hata kabla hajaapishwa, na Pennsylvania uchaguzi mdogo wenyewe huweza kuangukia siku ya mchujo, hivyo mgombea mmoja akaonekana mara mbili kwenye karatasi za siku moja. Aliyejaza fomu ya kwanza akasahau ya pili ataondoka bungeni baada ya miezi michache. Mtu mmoja kwenye kampeni apewe jukumu hilo la pili tangu wiki ya kwanza, na asipewe lingine.